Stratocaster au Gitaa Lisilo na Kichwa? Namna ya Kuchagua Umbo la Gitaa la Umeme

Ingia duka lolote la ala za muziki uangalie magitaa ya umeme yaliyotundikwa ukutani. Karibu yote yametokana na michoro minne: Telecaster, iliyoanza kuuzwa 1950 kwa jina la Broadcaster, Les Paul ya 1952, Stratocaster ya 1954, na SG ya 1961. Nembo hubadilika, rangi hubadilika, bei hupanda na kushuka, ila mchoro ni uleule tangu babu zetu wakiwa vijana. Juu kabisa, mahali ambapo mkono haufiki, huning'inia moja lenye umbo la mshale. Na kwenye simu yako kuna lile uliloliona kwenye video: dogo, halina kichwa (kile kipande cha mwisho wa shingo chenye vikazio vya nyuzi), mwili umekatwakatwa huku na huku, na mpigaji analicheza kama vile halimlemei hata kidogo.

Mwenye fedha ya gitaa moja tu achukue lipi?

Nautoa msimamo wangu mapema ili usome ukijua nimesimama wapi. Umbo geni linastahili fedha yako pale mbunifu wake alipokuwa anatatua tatizo la mwili wa mpigaji: mgongo, mbavu, kiganja, paja. Likiwa limechorwa ili lipendeze jukwaani tu, chukua la zamani, tena bila kuona haya.

Hata ya zamani yalikuwa mageni

Leo Fender alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California, na gitaa hakujua kulipiga. Pengine ndiyo maana aliwasikiliza wanaolipiga. Telecaster yake ilikuwa ubao bapa: ukikesha nayo, ukingo wa nyuma unakuchoma mbavu na wa mbele unakuuma mkono. Bill Carson, mwanamuziki aliyekuwa akimjaribia magitaa, hakulinyamazia jambo hilo. Stratocaster ilipotoka ilikuwa imechongwa nyuma penye mbavu na kuteremshwa mbele pa kulaza mkono. Freddie Tavares, aliyeuchora mwili wake, aliupa pembe mbili, kama besi ambayo kampuni hiyohiyo ilikuwa imeitoa 1951, na pembe ya juu ikawa ndefu kuliko ya chini. Wengi huiona pembe ile kuwa pambo. Kumbe ndipo kilipo kifungo cha mkanda, karibu na usawa wa freti ya 12 (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo), na ndiyo inayofanya gitaa litulie begani hata ukiachia mikono yote miwili.

Gibson wa Kalamazoo, Michigan, walishika njia nyingine. Les Paul ni gitaa la jazi lililopunguzwa ukubwa: kiuno kilekile, mkato mmoja upande wa chini, uso uliobinuka. Kampuni iliyojijengea jina kwa magitaa ya kuchongwa ilitaka mteja aone kitu anachokijua. Kwa nyuma ni bapa kabisa, mahogani nene yenye tabaka la mbao ya maple juu yake, na uzito wake kwa kawaida huzidi kilo 4. Miaka ya 1970 zilitoka nyingine zinazokaribia kilo 5. Mauzo yaliposhuka, mwaka 1961 umbo hilo likaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na SG, nyembamba, yenye pembe mbili kali. Les Paul ya zamani ilirudi 1968 baada ya wapiga gitaa wa bluzi wa Uingereza kuzigeuza zile zilizotumika kuwa lulu.

Katikati ya hayo, mwaka 1958, Gibson walithubutu kutoa Flying V na Explorer. Waliona wanasemwa kuwa ni kampuni ya wazee, wakaamua kuchora mistari mitupu. Mbao waliyotumia ilikuwa limba, mti wa misitu ya Afrika Magharibi hadi Kongo, ambayo wao waliiuza kwa jina la Korina. Wateja walizitazama na kupita. V zilizotoka mwaka huo na uliofuata hazikufika 100, na Explorer zilikuwa chache zaidi. Leo yale machache yaliyobaki ni ya wakusanyaji wenye fedha ndefu, ila wakati ule yalikuwa hasara.

Mwaka huohuo wa 1958 Fender walitoa Jazzmaster, ambayo kwangu ndiyo somo zuri kuliko yote. Kiuno chake hakilingani: upande mmoja umesogezwa mbele, mwingine nyuma, kwa sababu walengwa walikuwa wapiga jazi ambao hukaa kitini. Wapiga jazi hawakuitaka. Waliichukua vijana wa pwani ya California waliopiga muziki wa mawimbi (surf), na baadaye wanarock wasio na fedha walioipata kwa bei ya kutupa. Mbunifu alikosea kumjua mteja, lakini paja alilijua, na umbo limedumu.

Ukikaa kitini

Mazoezi mengi hufanyika ukiwa umekaa, na hapa ndipo maumbo hutengana vikali kuliko mahali pengine.

Stratocaster na Telecaster hukaa pajani bila maneno. Les Paul nayo hukaa, ingawa baada ya saa moja paja litakukumbusha uzito wake. SG hukaa vizuri, ila shingo inaonekana imesogea kushoto. Mkono uliozoea Strat, yaani Stratocaster, hukosa freti ya kwanza kwa siku kadhaa.

Flying V ina sifa mbaya ambayo nusu yake ni haki. Ukiiweka juu ya paja la kulia kama gitaa la kawaida, inateleza na kuanguka. Gibson walilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana zile za 1958 zilikuwa na utepe wa mpira wenye mistari ubavuni. Namna ya kuipiga ukiwa umekaa ni kuingiza paja katikati ya mbawa zake, shingo ikapanda juu kama anavyofanya mpiga gitaa wa klasiki. Ukishazoea, mkono wa kushoto unakaa pazuri ajabu. Usipozoea, utaiuza. Explorer haina njia ya mkato ya namna hiyo: ni pana, na kona ya juu inagusa mkono palepale unapotaka kuulaza.

Sasa njoo kwa wabunifu waliolianza paja lenyewe. Steve Klein wa California alichora gitaa la umeme ambalo sehemu yake ya chini imerefushwa ili ukikaa, shingo ipande yenyewe bila kuishikilia. Mpiga gitaa wa jazi Bill Frisell alilipiga kwa muda mrefu. Ola Strandberg, mhandisi wa Sweden, aliukata mwili wa gitaa lake la Boden mahali kadhaa ili likae paja la kulia, la kushoto, au katikati. Nyuma ya shingo yake si duara bali ina nyuso bapa zinazopinda kadiri kidole gumba kinavyosogea. Shingo hiyo huwagawa watu: wengine huipenda papo hapo, wengine huona wameshika mpini wa jembe. Ndiyo sababu sikushauri uinunue bila kuishika.

Ned Steinberger yeye alikata kila kitu. Magitaa na mabesi aliyoyatoa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa kijisanduku cha nyuzinyuzi za kaboni na gundi ngumu, hayana kichwa, wala hayana kiuno cha kukalia paja. Ikabidi aongeze kipande cha kukunjua ili mtu aweze kukaa nalo. Mtu akiondoa kiuno halafu akarudi kukiunganisha kwa bawaba, ujue kiuno hakikuwa pambo.

Ukisimama

Kwa wanaopiga dansi au rumba, seti ni ndefu na hakuna viti jukwaani. Mambo mawili huamua: kilo ngapi zinaning'inia begani, na kama kichwa cha gitaa kinaelekea sakafuni.

La pili halisemwi sana madukani. Chora mstari wa wima kutoka kifungo cha juu cha mkanda. Vyote vilivyo upande wa shingo vinavuta chini, na mwili unavuta upande wa pili. Kifungo kikiwa karibu na freti ya 12, kama kwenye Strat, mizani inakaa sawa. SG imefungwa mkanda nyuma kabisa, kwenye kikonyo cha shingo, na mwili wake ni mwepesi. Matokeo yake shingo inazama na mkono wa kushoto unageuka nguzo. Firebird ya Gibson ya 1963, iliyochorwa na Ray Dietrich, mbunifu wa magari, ina tatizo hilohilo: ni ndefu, na kichwa chake kilibeba vikazio vizito vya aina ya banjo. Ni gitaa zuri kulitazama. Lichoshalo bega halifai usiku mzima.

Dawa ya bei ndogo ipo: mkanda mpana wa ngozi wenye upande wa ndani unaokwaruza, ili usiteleze begani. Dawa ya kweli ni kuondoa uzito kule mwisho. Vikazio sita vya kawaida vina karibu robo kilo, na vinakaa mahali ambapo mkono wa mzani ni mrefu kuliko popote. Magitaa yasiyo na kichwa huhamishia ukazaji wa nyuzi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini. Gitaa zima linabaki na kilo 2 na ushee, urefu unapungua, na mwenzako kwenye jukwaa dogo hachomwi jicho.

Parker Fly ya 1993 ilipata uzito wa namna hiyo bila kuondoa kichwa. Ken Parker alitumia mbao nyepesi nyembamba akaifunika kwa nyuzinyuzi za kaboni na kioo, na freti za chuma cha pua zikagandishwa kwa gundi. Larry Fishman alisimamia upande wa umeme. Kwa bega, sijui umbo lililofaulu kulizidi. Tutalirudia kwenye spea, maana huko hadithi inabadilika.

Freti za juu ni jambo la kupimwa na mpiga solo hasa. Sebene huishi juu ya freti ya 12. Kwenye Les Paul shingo inaungana na mwili kwenye freti ya 16 na mkato ni mmoja, kwa hiyo kidole gumba kinagonga ukuta mapema. SG iko wazi kabisa. Strat iko katikati. V haina kizuizi, na maumbo mapya karibu yote yamelitatua hili. Mpiga ridhim asipoteze usingizi kwa hoja hii.

Spea, fundi na mfuko

Hapa ndipo umbo la zamani linaposhinda, tena kwa mbali.

Strat ikiharibika pikapu (kinasa cha mtetemo wa nyuzi), bao la plastiki la usoni, swichi, daraja au hata shingo nzima, kitu hicho kipo, cha bei ya chini na cha bei ya juu. Shingo imefungwa kwa skrubu nne. Fundi yeyote mwenye bisibisi anaitoa. Lakini usidhani kila nakala hulingana na nyingine. Daraja la kipimo cha zamani cha Marekani lina takriban milimita 56 kati ya uzi wa kwanza na wa sita, ilhali nakala nyingi za Asia zina takriban 52. Bao la plastiki la mtindo wa 1954 lina matundu 8 ya skrubu, la baadaye lina 11. Pima kabla hujaagiza.

Linganisha na magitaa mapya. Steinberger za mwanzo zilitaka nyuzi zenye kitufe kila mwisho. Nyuzi hizo hata miji mikubwa huzitafuta kwa agizo. Magitaa mengi ya leo yasiyo na kichwa yanakubali nyuzi za kawaida, unazibana upande wa nati, mwisho wa shingo, kwa skrubu ndogo za funguo ya pembe sita. Funguo hiyo ikipotea ukumbini saa nne usiku, huna gitaa. Kifaa cha kutunia cha kubana kichwani nacho hakina pa kubana, na stendi ya ukutani inayoshika kichwa haina cha kushika. Ni mambo madogo, lakini hukutana nayo kila siku.

Parker Fly ndiyo onyo kubwa. Uzalishaji ulikoma katikati ya miaka ya 2010. Vifaa vyake vingi vilitengenezwa kwa ajili yake peke yake, na freti iliyobanduka haiwezi kugongewa nyundo kama freti ya kawaida kwa kuwa haina ulimi wa kuingia kwenye mfereji. Gitaa ni bora, mtengenezaji hayupo. Kwa hiyo unapotazama umbo la kubuni, usiulize tu kama linapendeza mkononi. Uliza ni vifaa vingapi juu yake vinavyotoka kwa mtengenezaji mmoja. Umbo geni lenye pikapu za saizi ya kawaida, vikazio vya kawaida na shingo ya skrubu haliogopeshi hata kidogo. Ubunifu uishie kwenye mbao.

Kuhusu kubeba: Strat na Telecaster huingia mfuko mmoja. Les Paul na SG hutaka yao, ambayo ipo kwa wingi. V na Explorer hazina mfuko wa kuazima. Ukinunua gitaa bila kesi yake umenunua kazi. Yasiyo na kichwa hulipiza kisasi hapa, kwani mfuko wake mdogo hupakatwa kwenye basi bila kumgusa abiria wa pembeni.

Kuuza tena? La zamani, bila mjadala. Mnunuzi wa gitaa lililotumika hulitambua kwa umbo kabla hajasoma nembo.

Na wa mkono wa kushoto

Kampuni ndogo zenye maumbo ya kubuni mara nyingi hazitengenezi la kushoto, au hulitoza zaidi. Ila kuna ajabu moja. Albert King, mpiga gitaa wa bluzi, alipiga kwa mkono wa kushoto, akalipindua gitaa la kulia juu chini, na gitaa aliloshikamana nalo lilikuwa Flying V. Sababu inaonekana ukilitazama: mbawa mbili zinalingana, kwa hiyo kulipindua hakuharibu chochote isipokuwa mahali pa vitufe. Ukilipindua Les Paul, mkato wake wa freti za juu unageuka ukuta.

Sauti

Hoja hii nitaipitia haraka kwa sababu inakuzwa mno. Kwenye gitaa la mbao ngumu isiyo na uwazi ndani, mzunguko wa nje wa mwili hubadilisha sauti kidogo sana ukilinganisha na aina ya pikapu na mahali zilipo, urefu wa uzi unaotetemeka, daraja na ufundi wa kuliseti. Urefu wa uzi unausikia: Fender ni milimita 648, Gibson takriban 628, ndiyo maana nyuzi zilezile huonekana laini zaidi kwenye Les Paul. Bo Diddley alipiga sanduku la mstatili alilotengenezewa na kampuni ya Gretsch, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa halitoi mdundo. Anayekuambia pembe ya gitaa lake inaongeza utamu anakuuzia pembe.

Ukimpa fundi kazi ya kukuchongea

Baadhi ya wasomaji watachongesha, au ni mafundi wenyewe, na hawa wana swali la haki za umbo. Mwaka 2009 bodi ya alama za biashara ya Marekani ilikataa ombi la Fender la kusajili miili ya Stratocaster, Telecaster na besi ya Precision, kwa hoja kwamba maumbo hayo yamekuwa ya kila mtu. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ilifuta zuio lililokuwa limewazuia PRS, kampuni ya Paul Reed Smith, kuuza gitaa lao la Singlecut, ambayo Gibson waliona inafanana mno na Les Paul. Ulaya, mwaka 2019, Gibson walipoteza usajili wa umbo la Flying V. Kesi yao dhidi ya kampuni inayomiliki jina la magitaa ya Dean ilikwenda upande wao mbele ya baraza la mahakama (jury) 2022, halafu 2024 mahakama ya rufaa ikaagiza isikilizwe upya. Kwa kifupi, mwili ni uwanja wa mabishano. Kichwa sicho: Fender wanakilinda, na wanaotengeneza shingo za badala kama Warmoth hufanya hivyo kwa leseni. Fundi mwenye busara huchora kichwa chake mwenyewe.

Basi achukue nani, kipi

Anayeanza: umbo la Stratocaster. Nimejaribu kutafuta sababu ya kusema vinginevyo nikakosa. Linakaa, linaning'inia, linatengenezeka, linauzika.

Aliyezoea Strat akatamani uzito wa sauti ya Les Paul bila uzito wa kilo zake: tazama njia ya kati. Paul Reed Smith alianza kampuni yake 1985 kwa kuchanganya pembe za Fender na uso uliobinuka wa Gibson, na wengi wamemfuata. Maumbo yaliyonolewa kutoka Strat, kama RG ya Ibanez ya 1987, nayo ni ya kuaminika, na mwili wake ni mwembamba zaidi.

Mwenye maumivu ya bega, mgongo au kiganja: hapa simshauri achukue la zamani kwa heshima ya historia. Lisilo na kichwa, lenye mwili uliokatwa kwa ajili ya paja, lenye nyuzi za kawaida. Fedha inayozidi ni nafuu kuliko kuacha muziki.

Anayetaka kuonekana jukwaani: Explorer au V, na liwe gitaa la pili. La kwanza libaki nyumbani kwa mazoezi. Kuna pia Birdfish ya Ulrich Teuffel, Mjerumani, ya 1995, ambayo haina mwili hasa bali vipande vya alumini na vigogo vya mbao vya kubadilisha. Napenda kuitazama, sitaki kuimiliki.

Na kama unachongesha umbo lako mwenyewe, usianze na mbao nzuri. Mwambie fundi akate umbo hilo kwenye plaiwudi, afunge shingo yoyote ya zamani yenye vikazio vyake, atie skrubu mbili za mkanda na uzito wa kufidia mahali pa daraja na pikapu. Livae ukiwa umesimama, achia mikono. Kichwa kikishuka, hamisha skrubu ya juu mbele sentimita chache na uongeze pembe ya kuibeba. Kisha kaa nalo kwenye kiti kisicho na mikono, ulaze mkono wa kulia, na utie alama ya penseli kila linapokugusa vibaya. Hizo ndizo sehemu za kuchonga.